Kichwa cha Kinyozi

Binti yangu ni kinyozi. Watu wakinisikia hudhani nimekosea, kwamba nilitaka kusema msusi. Sikukosea. Kusuka hajui, hata nywele zake mwenyewe nilikuwa namsuka mimi, amekaa chini kati ya magoti yangu akilalamika kama mtoto. Yeye ananyoa wanaume. Alijifunza kwa baba yake, marehemu mume wangu, aliyekuwa na kibanda cha kunyolea chenye kiti kimoja na kioo chenye ufa. Alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kufagia nywele. Alipofikia urefu wa kiti akaanza kushika taulo. Baba yake alipotutoka, mimi nilitaka tuuze kiti na mashine tufungue genge la mboga. Akaniambia, "Mama, nyanya zinaoza. Ndevu zinaota kila siku." Kiti hakikuuzwa.

Wateja wa kwanza walikuja kumcheka. Seremala jirani yetu alijitupa kitini akamuuliza kama amewahi kunyoa hata mbuzi.  Binti yangu alimfunga kitambaa shingoni, akatia wembe mpya, akamwinamisha kichwa, ndipo akasema amewahi, na mbuzi alitulia kuliko yeye. Mtu mwenye wembe shingoni atasema nini? Seremala yule hajaenda kwa kinyozi mwingine mpaka leo.

Mkono wake ni mwepesi. Nimeona wanaume wazima wakisinzia chini ya mkono ule, midomo wazi, kama watoto walioshiba.

Kazi ya mitaani ilianzia kitini pale pale. Alikuja kunyolewa kijana mmoja, muuguzi wa zahanati, ambaye watu wote wanamwita Daktari na amechoka kukataa. Akawa anasimulia habari za kikundi chao kidogo kinachozunguka kwa watu wanaolala nje na wale walioshikwa na unga wa kulevya. Wanasafisha vidonda, wanagawa maji, wanawabembeleza waje zahanati kunywa dawa ya kuacha unga. Tatizo, alisema, watu wakiona mkoba wake wanajifunika gubigubi. Binti yangu akapuliza nywele kwenye mashine akasema labda wanaogopa sindano, lakini hajawahi kuona mtu aliyemkimbia kinyozi. Wiki iliyofuata akafunga kibanda asubuhi, akabeba kigoda cha kukunja na mashine ya chaji, akaenda nao.

Nami nikaenda. Watu wananisifu kwa hilo, nami nawaacha wanisifu, lakini ukweli ni kwamba nilipelekwa na hofu. Mimi upepo ukifunga mlango moyo unanipaa. Ningekaaje nyumbani namenya viazi na mwanangu wa pekee yuko chini ya daraja na wembe mkononi, katikati ya watu nisiowajua? Nikamwambia hawezi kunyoa bila maji, na maji hayajibebi. Hivyo ndivyo nilivyopata ndoo, na jina. Kule naitwa Mama Maji.

Kazi yangu ni kumimina na kushika taulo. Kazi nyingine nilijipa mwenyewe, kutazama mikono. Nimesoma madarasa machache tu, lakini hili nalijua bila kufundishwa. Mdomo unaweza kukuita mama na macho yakacheka, mkono ukawa na habari nyingine kabisa. Kwa hiyo popote tulipokaa nilijua mikono ya kila mtu iko wapi.

Binti yangu alikwenda na taratibu zake. Mtu akilala juu ya boksi pembezoni mwa barabara, boksi lile kwake ni nyumba. Anasimama pale boksi linapoishia, anapiga hodi. Asipojibiwa anapita. Hamgusi mtu, hamfunui mtu. Siku za mwanzo niliona aibu, wapita njia wanatucheka, watu wazima tunabisha hodi kwenye mtaro. Halafu nikaona jinsi mtu aliyekuwa anajifanya amelala anavyofunga vifungo vya shati kwanza, anajifuta uso, ndipo anasema karibu.

Na hampangii mtu mtindo. Kichwa ni chako, huwaambia, mimi ni mashine tu. Wengi walitaka kuchongwa kama vijana wa mjini, mistari pembeni, ndevu zenye kona. Mtu hajala tangu jana lakini anataka kona. Kipara hakuna aliyekitaka hata mmoja, na sisi hatukujiuliza kwa nini.

Kituo chetu kikubwa kilikuwa chini ya daraja, nyuma ya soko, pale mtaro mkubwa unapopita. Mkubwa wa pale anaitwa Meneja, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua nani alale wapi na nani aondoke. Ni mtu mwembamba, wa makamo, mwenye viatu vyeupe anavyovisugua kwa mswaki kila asubuhi. Suruali imechanika magotini, viatu vinang'aa. Hakuwahi kukaa kwenye kigoda chetu. Alisimama mbali amekunja mikono, na akisogea pembeni ndiyo ruhusa yenyewe, tunaweza kupita.

Pale pale alilala Kichaka. Zamani alikuwa fundi wa kupiga plasta, na ukimkuta hajavuta anaweza kuutazama ukuta wa daraja akakuonyesha walipoiba saruji. Jina alilipata kwa nywele zake. Zilikuwa zimesokotana mpaka zikawa kitu kimoja, kama kiota cha ndege mkubwa asiyejua kujenga. Alihifadhi humo sigara, njiti za kiberiti, mara moja akatoa kijiko. Kila wiki binti yangu alimpigia hodi, na kila wiki alijibiwa vile vile: "Dada, hili ndilo paa langu. Ukiezua nitalala wapi?" Wanacheka wote wawili, tunapita.

Halafu akaanza kunuka. Si jasho, jasho tulilizoea. Daktari akainama, akanusa, akaniangalia. Chini ya kiota kulikuwa na kidonda. Jiwe au chupa, mwenyewe hakukumbuka. Daktari akamweleza kwa upole kwamba hawezi kutibu asichokiona, na kwamba kidonda cha kichwa hakina subira. Kichaka akawa anachora kwa kidole kwenye vumbi. Mwisho akamwita binti yangu. Hakuangalia juu. Akasema, "Ezua."

Tulimpeleka mpaka kibandani kwetu, kwenye kiti halisi na maji ya moto. Ilichukua karibu asubuhi nzima. Binti yangu alikata kwa mkasi, akalowesha, akakata tena, kila akikaribia kidonda anasita na kumwambia anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Mwisho akapitisha wembe. Alipomaliza nilimwona mwanamume mwenye paji pana na masikio madogo, mzuri kwa kweli, akijitazama kwenye kioo chenye ufa kama mtu aliyeletewa mgeni. Akajishika kichwa kwa viganja viwili. "Baridi," alisema. Daktari akaenda naye hospitali kubwa, na huko wakamlaza, kidonda kilikuwa kimekwenda ndani.

Tulifurahi siku ile. Nilipika mapema, tukala tukimsimulia Kichaka mpya. Hakuna aliyewaza kwamba kule darajani watu hawakumwona akinyolewa. Waliona ameondoka na hajarudi, basi.

Jioni hiyo hiyo polisi walipiga msako chini ya daraja. Tulizipata habari kwa wateja, juu juu tu, kwamba wamekamatwa watu. Siku yetu ya kwenda ilipofika nikamwomba binti yangu tuache kwanza wiki hiyo, vumbi litulie. Akanijibu kwamba watu waliotoka kupigwa ndio wenye vidonda. Akabeba kigoda. Nikabeba ndoo, Daktari akaja na mkoba wake.

Nilijua tumeingia pabaya kabla hatujafika. Kila mara nikitokea na ndoo yupo mtu wa kunitania, Mama Maji leo umetuletea bahari gani. Safari hii kimya. Walikuwepo, wengi, wamekaa wameegemea nguzo, lakini hakuna aliyejisogeza. Binti yangu akapiga hodi kwenye boksi la kwanza. Hakuna jibu. La pili, hakuna. Boksi la Kichaka lilikuwa ndani ya mtaro, limelowa, limekanyagwa.

Aliyekuja ni mmoja tu, mwanamke mzee anayeokota chupa za plastiki, wote wanamwita Shangazi. Akainama kwenye ndoo yangu kana kwamba ananawa uso, na maneno akayasemea ndani ya maji, wengine wasione mdomo ukicheza. Alisema kwenye msako walichukuliwa watu, na mdogo wake Meneja alikuwa mmoja wao, na bado yuko ndani. Kule mahabusu kila anayeingia ananyolewa kipara kwa ajili ya chawa. Anayetoka mapema na kipara chake, hapa wanasema amenunua njia kwa majina ya wenzake. Wawili wameshapigwa, mmoja hajulikani alipo. Na jana Kichaka amerudi kutoka alikotoka, kichwa kinang'aa.

Akajimwagia maji usoni. "Wamemfunga nyuma ya nguzo ya mwisho," alisema. "Meneja amekwenda kuulizia mdogo wake. Akirudi wataamua. Mchukue mwanao, muende."

 Nikawanong'oneza binti yangu na Daktari. Daktari akafunga mkoba wake. Wana kanuni yao kwenye kikundi, kukiwa na hatari wanaondoka wote pamoja, halafu wanaita msaada. Akasema tuondoke taratibu, bila kukimbia, tukifika barabarani apige simu polisi. Mimi nilikuwa nimeshamshika binti yangu mkono wa gauni.

Yeye hakuvutika. Alisema kwa sauti ndogo kwamba polisi wakija hapa kumtoa Kichaka, basi Kichaka ndiyo amekwisha. Leo watamtoa, kesho je? Itakuwa imethibitika kwamba ni mtu wao.

"Na wewe je?" nikamuuliza. "Wewe si mtu?"

 Alikunjua kigoda, akakiweka pale pale anapokiweka siku zote, akatandika taulo, akapanga mashine, mkasi, kitana, spiriti. Kama siku yoyote. Akauliza kwa sauti ya kawaida nani wa kwanza. Nikasikia maji ya mtaro yakipita.

Meneja alikuja kwa njia ya sokoni. Nilitazama viatu kwanza, vilikuwa na matope, na nikajua hapo kwamba habari alizopata si nzuri. Watu wawili walisimama nyuma yetu, kwenye kijia tulichopitia. Mmoja, kijana mrefu mwenye shati la michirizi, mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma ya paja. Nilisogea kidogo kando nikauona. Alishika kipande cha nondo.

Wakamleta Kichaka. Mikono imefungwa kwa kamba ya mfuko wa saruji, jicho moja limevimba, bandeji ya hospitali imelegea inaning'inia sikioni. Kichwa chake kilikuwa kitupu na laini kwenye lile giza la daraja, nikaona jinsi ambavyo hapakuwa na kichwa kingine kama hicho pale pote.

Meneja akauliza nani kamnyoa huyu. Binti yangu akasema ni yeye.

"Wewe unachonga," Meneja alisema. "Nimekuona mara ngapi, nusu saa kwenye ndevu za mtu mmoja. Hiki ni kipara cha mahabusu."

Akamweleza habari ya kidonda. Daktari akadakia, akasema yeye mwenyewe alimpeleka hospitali, cheti kipo. Meneja hakumtazama hata kumtazama. Alisema cheti kinaandikwa na mtu yeyote mwenye kalamu, na Daktari kila siku anasalimiana na askari pale kwenye geti la zahanati, anawaita kaka. Halafu akaongeza lile lililokuwa kichwani mwao wote.

"Asubuhi mlikuja nyinyi. Jioni wakaja wao. Mnataka niwaze nini?"

Hapo nikaelewa kwamba kesi si ya Kichaka peke yake. Kijana mwenye nondo alikuwa amesogea. Nilijaribu kukadiria, nikimmwagia ndoo usoni, binti yangu atafika barabarani? Asingefika. Na nilimjua, asingekimbia.

Binti yangu alikuwa anamtazama Kichaka muda wote ule. Kisha akavua kilemba chake, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya taulo. Akakaa mwenyewe kwenye kigoda. Mabutu niliyomsuka siku chache nyuma yalikuwa bado yanang'aa mafuta.

"Kama kosa ni kipara," akamwambia Meneja, "basi tuwe nacho wawili." Akanigeukia. "Mama, ninyoe."

Kichaka alisema usifanye hivyo, dada. Mtu akamzaba kofi la mdomo.

Nataka nieleze hapa kwamba mimi sijawahi kushika mashine ile. Miaka yote, nyumba moja na vinyozi wawili, kazi yangu ilikuwa kufua vitambaa. Kinyozi hajinyoi, kila mtu anajua, lakini hakuna aliyewahi kusema mkewe au mama yake ndiye wa kumnyoa. Nikamwambia siwezi. Akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vilikuwa vya baridi kabisa, ndipo nikajua kwamba na yeye anaogopa. "Kama unavyomenya viazi," alisema.

Nikaanza na mkasi. Butu la kwanza likaanguka mapajani mwake kama mkia wa kitu. Nilimsuka kichwa hiki tangu ana nywele za kushika kwa kidole. Nikakata la pili, la tatu, sikuhesabu tena. Nikawasha mashine, ikapiga kelele, mkono ukaruka. Nikaikandamiza, ikakwama, nikaivuta na nywele zake ndani. Alivuta pumzi kwa meno lakini hakusogea. Juu ya sikio nikamkata. Damu ikashuka shingoni ikaingia kwenye kola, nami nikaendelea kwa kuwa niliona nikisimama sitaweza kuanza tena. Palipobaki nywele nikarudia, nikakata ngozi pembeni yake. Machozi yalinizuia kuona, na mikono yangu, mimi ninayetazama mikono ya watu, ilikuwa inatetemeka kuliko ya mtu mwenye arosto ya kukosa unga.

Kutoka kwenye nguzo mtu akasema, "Mama Maji, hiyo ni kunyoa au kulima?"

Nikamjibu bila kufikiri, bila kugeuka, kwamba asubiri, yeye ndiye shamba la pili.

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kifupi, kikakatika, kwa sababu Meneja alikuwa anakuja. Alisimama mbele ya kigoda. Nikazima mashine. Nikajikuta nimeweka kiganja changu juu ya kichwa cha binti yangu, chenye damu na nywele, kama kifuniko.

"Toa mkono, mama," alisema.

Nikautoa. Akainama akakitazama kichwa kile kwa muda, kulia, kushoto, hata nyuma. Halafu akaenda kwa Kichaka. Akamshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba kutoka kwenye paji, juu, mpaka kisogoni, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta uliokauka. Akazunguka ile sehemu ya bandeji. Akarudi tena kwetu.

"Mdogo wangu nimemwona sasa hivi kwenye geti la kituo," alisema, na hakuwa anasema na sisi, alikuwa anasema na watu wake. "Kichwa chake kiko hivi." Akanyoosha kidole kwa binti yangu. "Hivi hivi. Matuta na damu. Na wale wawili walikuwa hivi." Kidole kikahamia kwa Kichaka. "Huyu hana hata mkwaruzo wa wembe. Kituoni nani ana muda huo?"

 Meneja akanitazama kwa mara ya kwanza, mimi, si ndoo.

"Mama, mkono wako ungepata kazi mahabusu."

Ndipo wakacheka. Walicheka kwa namna ya watu waliokuwa wamebana pumzi, mmoja akakaa chini kabisa. Sikucheka mimi. Nilikuwa natazama mkono wa kijana mwenye shati la michirizi. Ulishuka polepole, nondo ikagusa ardhi, ukaiachia. Kisha ukaja ukaingia kwenye ndoo yangu. Akajilowesha kichwa, maji yakamtiririka machoni, akasema wahenga walishasema, mwenzako akinyolewa na wewe zako tia maji. Akasimama nyuma ya kigoda kungoja zamu.

Na binti yangu akainuka. Akajifuta damu kwa taulo, akafunga kilemba, akachukua mashine mkononi mwangu kwa kuivuta, maana vidole vyangu vilikuwa havifunguki, akamnyoa yule kijana. Alitaka kona. Akapewa kona.

Kichaka walimfungua. Alikwenda na Daktari mpaka zahanati akanywa dawa yake siku hiyo. Siwezi kusema amepona, nikisema nitakuwa nadanganya. Zipo wiki anakwenda kila asubuhi, zipo siku anapotea na binti yangu hali vizuri. Darajani hakurudi kulala. Analala kwenye baraza ya ghala karibu na kibanda chetu, na juzi alitupigia plasta ukuta wa nyuma, akatulaumu kwamba tumempa mchanga mbaya. Nywele zimeota kidogo, jina limebaki.

Yule mwingine aliyepigwa, ambaye Shangazi alisema hajulikani alipo, mpaka leo hajulikani. Namtafuta kwa macho kila tunapopita. Inawezekana na yeye hakusema lolote kituoni. Hakupata mtu wa kukaa kigodani.

Jioni ile nyumbani binti yangu alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Akaniomba nimalizie sehemu zilizobaki. Nilikataa katakata. Ikabidi aende kwa kinyozi wa mtaa wa pili, mpinzani wake wa siku nyingi, amsawazishie. Yule bwana akamuuliza nani amemfanya hivi. Akamwambia ni mama yake. Hakumdai kitu, na akampa pole.

Siku hizi akimnyoa mtu mpaka akabadilika sura, hatumwachi aende peke yake. Tunamsindikiza mpaka anapolala. Binti yangu anasimama pale boksi linapoanza, anapiga hodi, na wakiitika anawaambia, "Huyu ni yule yule. Nimemnyoa mimi." Watu wanamtazama, wanamgusa kichwa, wanamtania, wanampisha. Meneja bado hajakaa kigodani. Anasema atakaa siku ambayo mimi sitakuwepo.

Atangoja sana. Mimi nipo, nyuma ya mwanangu, na ndoo yangu, natazama mikono.